Mkosi wa Timu Yetu

Wajukuu zangu, siku moja kwenye basi la kwenda uwanjani, mbele yangu walikaa wawili wasiojuana, fundi bomba na muuza viatu, wote na jezi za timu yetu ya nyumbani. Fundi bomba alikiri kwamba kila akiingia uwanjani, tunafungwa. Muuza viatu akamgeukia mzima mzima. "Kaka, leo tukifungwa tunashuka daraja! Rudi nyumbani, nakuomba."

"Naingia, hata mkinifunga kamba."

Wajukuu, kitendawili: hagusi mpira, timu ikifungwa anaumwa yeye.

"Msimu huu mzima nimekaa nyumbani," fundi akaendelea, "na bado tuko mkiani. Mkosi ni nani?"

"Mimi sijakosa mechi hata moja!"

"Ndiyo maana nakuuliza, ndugu yangu."

Basi likasimama uwanjani. Fundi akashuka. Muuza viatu alibaki kitini, tiketi mkononi, akilitazama geti.