Salina Chepchumba Ereng, Aliyekataa Kuchomoa Karatasi

Marehemu Mama Salina Chepchumba Ereng alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 huko Mosoriot, Nandi, mtoto wa tatu wa Mzee Kipkemboi na Mama Tabitha. Alisoma huko hadi kidato cha nne, kisha akajifunza ukarani wa rekodi za hospitali mjini Eldoret.

Mwaka 1984 alipangiwa kazi Lodwar. Alilia njia nzima. Alipofika, joto likamkausha machozi. Kiturkana hakukijua hata neno. Alimwuliza mgonjwa dirishani, "Unaitwa nani?" naye, akidhani anasalimiwa, akamjibu kwa upole, "Ejok," yaani mzima. Salina akaandika Ejok. Kufikia Krismasi kabati lilikuwa na akina Ejok kumi na mmoja, wasio na undugu wowote. Alipenda kusimulia siku hizo, akicheka mpaka anashika mbavu.

Sehemu moja hakuicheka. Mwaka uliofuata mvuvi wa Kalokol alitolewa faili la Ejok mwingine, akachomwa penisilini. Faili lake halisi, lenye karatasi iliyosema dawa hiyo humdhuru, lilibaki kabatini. Alizirai, na kwa siku tatu hakuna aliyejua kama angeamka. Mkubwa wa kazi akamwambia Salina, "Chomoa hiyo karatasi. Nani atajua?" Alikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na karo ya wadogo zake ilimtegemea. Akajibu, "Karatasi ni ya mgonjwa, bwana. Si yangu wala si yako." Akatafuta mkalimani, akamsomea mke wa mvuvi kila mstari. Mvuvi alipona. Salina akahamishiwa Kakuma, na kila mtu alielewa kwa nini.

Adhabu ikawa baraka. Huko alikutana na Mwalimu Ereng, wakafunga ndoa tarehe 10 Desemba 1988. Mwalimu alimfundisha Kiturkana, na hadi leo anadai hajapata mwanafunzi mbishi kama yule. Wakimbizi walipofika, Salina alihakikisha kila mgonjwa anakwenda nyumbani na daftari lake la matibabu. Josiane, aliyetoka Bukavu, alimwuliza, "Mama, hii daftari ni yangu kabisa?" Akamjibu, "Ni yako. Sisi tunaazima tu." Alistaafu mwaka 2021.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Februari mwaka huu, akiwa amelazwa, muuguzi kijana aitwaye Makur alimjia bila kuitwa. "Mama, jana nilikupa dawa ya kitanda cha pili. Hakuna mwenye aliona. Lakini nilikupa." Madaktari walimpima, wakakuta haikumdhuru. Mama akamshika mkono: "Andika, mwanangu. Halafu unipe nisome." Makur akaandika. Mama akasoma, akamsahihishia neno moja, akalala usingizi mzuri.

Alituaga Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, asubuhi.

Ameacha mume, Mwalimu Ereng. Watoto, Nathan na Jessica. Na wajukuu wanne. Makur ameketi na familia leo kwa agizo la marehemu mwenyewe: "Huyo mnikalishie na watoto wangu."

Bwana ampe mama yetu pumziko la amani.