Bi Taratibu Anaondoka Chumba cha Kumbukumbu

Ijumaa tarehe 28 Novemba, saa kumi jioni, Bi Taratibu atakabidhi funguo za chumba cha kumbukumbu na kustaafu rasmi. Ameitumikia kampuni yetu ya kusambaza mitungi ya oksijeni majumbani kwa miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kadhaa ambazo ofisi ya utumishi ndiyo inayozijua. Jina lake kamili limeandikwa kwenye jalada la ratiba hii ya kumuaga. Hapa ndani nitatumia lile alilopewa na madereva, kwa sababu ndilo analoitikia.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, kumbukumbu za wagonjwa zikiwa bado kadi za manila kwenye makabati ya bati. Alipewa meza iliyo karibu na dirisha lisilofungika vizuri, na hapo amekaa mpaka leo. Kadi zilikwenda, kompyuta zikaja, mifumo minne ikapita. Dirisha halijatengenezwa.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwatafuta wale tunaowaita mapacha, yaani mteja mmoja aliyeandikishwa mara mbili au zaidi. Hospitali huleta jina kwa tahajia yake, mtoto wa mgonjwa akapiga simu na tahajia nyingine, dereva akaandika aliyoisikia. Mwishowe nyumba moja inapelekewa mitungi mitatu huku nyingine ikingoja. Fundi saa mmoja mstaafu alikuwemo kwenye mfumo mara tano: mara mbili kama mwanamume, mara mbili kama mwanamke, na mara moja kama zahanati. Bi Taratibu alipompigia kumuuliza yeye ni yupi kati ya hao, fundi alisema angependa abaki zahanati, maana huko angalau angekuwa na muuguzi.

Hakuunganisha rekodi mbili bila kumpigia mwenyewe simu. Alisalimia, akauliza usingizi ulikuwaje, akauliza ngazi za nyumbani, ndipo akafika kwenye jina. Simu moja ilichukua robo saa. Kutoka hapo ndipo madereva walipopata jina la Taratibu, na mwanzoni halikuwa la sifa. Mteja alipofariki, sisi wengine tuliandika "imefungwa". Yeye aliandika "amepumzika", na hakuna meneja aliyewahi kumbadilishia.

Ningeweza kuendelea hivi hadi mwisho wa ukurasa, na nadhani ndivyo waandaaji walivyotarajia waliponiomba niandike. Lakini liko jambo moja katika utumishi wake ambalo limeandikwa vibaya kwenye faili lake, na aliyelifanya ni mimi.

Miaka tisa iliyopita tulitakiwa kuhamia mfumo mpya kabla ya mwezi kwisha. Zilikuwepo jozi elfu nne na ushei zilizoshukiwa kuwa mapacha. Bi Taratibu alikuwa anamaliza jozi ishirini kwa siku. Mimi nilikuwa karani mwenye miaka miwili kazini, mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa kujiamini. Nilitunga kanuni: jina likifanana, simu ikifanana na nyumba ikifanana, mfumo uunganishe wenyewe na kubakiza rekodi mpya zaidi.

"Mama, jina moja, simu moja, nyumba moja," nilimwambia. "Hapo unatafuta nini tena?"

"Natafuta mtu," alisema. "Kwani nyumbani kwenu mnalala wangapi, mwanangu?"

Ijumaa moja ya mwezi huo alikuwa anampeleka mumewe kufanyiwa upasuaji wa jicho. Neno langu la siri lilikuwa limeisha muda, nikamwomba aniachie kompyuta yake wazi ili nipitie orodha. Aliniachia. Alipofika mlangoni aligeuka, mkoba begani.

"Angalia tu. Usiunganishe kitu mpaka nirudi Jumatatu."

Saa nane mchana nilibonyeza. Baada ya dakika kumi na moja jozi elfu mbili na mia sita zilikuwa zimeunganishwa, nami nikaenda kunywa chai.

Katika jozi hizo walikuwemo bibi mmoja na mjukuu wake. Mjukuu alikuwa amepewa jina la bibi. Waliishi chumba kimoja na kutumia simu moja. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa mapafu, ila bibi alihitaji mtungi mkubwa kila wiki na mjukuu mtungi mdogo mara moja kwa mwezi. Rekodi ya mjukuu ndiyo iliyokuwa mpya. Kwa hiyo kuanzia Ijumaa ile, kwa mujibu wa kompyuta zetu, bibi hakuwepo.

Mtungi wake ulitakiwa kufika Jumamosi. Haukufika. Mjukuu alipiga simu Jumamosi na Jumapili, na mara zote mbili wa mapokezi alitazama kwenye mfumo na kumjibu kwa upole kwamba zamu yake ni wiki tatu mbele. Mjukuu huyo akamvalisha bibi yake mpira wa mtungi wake mwenyewe, ule mdogo.

Jumatatu asubuhi Bi Taratibu alinikuta nimejaa furaha. Nilimweleza nilichofanya. Hakunigombeza. Alikaa, akafungua daftari lake alimoandika kila mteja, akaanza kulilinganisha na mfumo ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa bado kwenye ukurasa wa kwanza dereva wa mzunguko wa asubuhi alipoingiza kichwa mlangoni.

"Mama, yule bibi wa geti la bluu kahama? Karatasi ya leo haina jina lake, na kwenye ya juzi pia halikuwemo."

"Hajahama," Bi Taratibu alisema, na tayari alikuwa amesimama. "Pakia mtungi mkubwa. Nenda sasa hivi, hao wengine watangoja."

Dereva alimkuta bibi akiingizwa kwenye gari la jirani, midomo imebadilika rangi. Mtungi mdogo ulikuwa umekwisha alfajiri. Alimfungia oksijeni palepale barabarani, akawafuata hadi hospitali. Bibi alilazwa siku kumi na moja, akapona, akarudi nyumbani. Bi Taratibu alikwenda kumtazama kila siku baada ya kazi. Mimi sikwenda hata siku moja. Nilijiambia kwamba sijui wodi.

Wiki iliyofuata tuliitwa mbele ya kamati ya watu watatu. Mwenyekiti alisoma karatasi kutoka kwenye mfumo, akauliza akaunti iliyounganisha rekodi zile ni ya nani.

"Ni yangu," Bi Taratibu alisema.

Zamu ya kusema ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake. Nilitazama mikono yangu, na mwenyekiti akafunga faili. Nilipanga kwenda kwake kesho yake kusema ukweli. Kesho ile nimeisogeza kwa miaka tisa.

Bi Taratibu alipewa barua ya onyo. Ukuu wa kitengo, ambao kila mtu alijua ni wake mwaka ule, haukumfikia. Mwaka uliofuata ulinifikia mimi. Kwa hiyo miaka minane mwanamke aliyenifundisha kazi amekuwa akinigongea mlango kuomba ruhusa ya kwenda kliniki.

Naye hakukaa akinuna. Kwa miezi saba alizipitia zile jozi elfu mbili na mia sita kwa simu, moja baada ya nyingine, akagundua sitini na tatu ambazo hazikuwa mapacha hata kidogo: baba na mwana, wake wenza, mama mkwe na mkwewe, na mapacha wawili wa kweli waliocheka sana walipoambiwa. Kutokana na kazi hiyo aliandika utaratibu tunaoutumia matawi yote hadi leo: hakuna kuunganisha bila kuzungumza na mteja, watu wawili hutia saini, na rekodi iliyoondolewa hubaki siku tisini kabla ya kufutwa. Tangu hapo hatujapoteza mgonjwa kwenye mfumo. Utaratibu huo ulipotolewa ulikuwa na saini yangu, kama mkuu wa kitengo. Hilo nalo nalisahihisha hapa.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa meneja mkuu nikaeleza yote kwa maandishi. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili. Cheo, nimeambiwa, hakirudishwi nyuma. Hatua juu yangu zinakuja, na sizilalamikii. Kisha nikashuka chumba cha kumbukumbu. Alikuwa anafunga madaftari yake kwa kamba.

"Kwa nini hukuwaambia siku ile?" nilimuuliza.

Alimaliza fundo kwanza.

"Kompyuta niliiacha wazi mimi, hilo lilikuwa langu," alisema. "La kwako nilikuachia ulisema mwenyewe. Nilidhani ungechukua wiki moja hivi."

Nikamwomba radhi. Akaniambia nishike upande wa pili wa boksi, ni zito.

Anakwenda kukaa nyumbani na mumewe, mpima ardhi mstaafu, ambaye kwa jicho lake lililopona amekwisha kumchorea ramani ya bustani yenye vipimo hadi sentimita. Binti yao amejifungua mwezi uliopita. Bi Taratibu amesisitiza kwamba mtoto apewe jina ambalo hakuna mwingine nyumbani analo.

Kabla ya kupeleka maandishi haya kuchapwa nilimpa ayasome, kwa kuwa yanamhusu na kwa kuwa amesahihisha kila nilichoandika tangu nilipoajiriwa. Aliyarudisha baada ya siku tatu, yakiwa na kalamu nyekundu mahali pawili. Kwanza alifuta neno "shujaa". Pili, palikuwa na sentensi karibu na mwisho iliyosema kwamba amenisamehe. Aliipigia mstari, na pembeni akaandika kwa mwandiko wake ule mdogo uliosimama wima: "Hili sijasema."

Nimeiondoa.

Bi Taratibu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, madereva, na wagonjwa ambao hawatajua kamwe ni nani aliyehakikisha wamo kwenye orodha, tunakushukuru. Nenda salama, na siku zako za kustaafu ziwe nyingi na za amani.