Shangazi Ukungu Anaaga Chumba cha Taa za Njano

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, kiwanda chetu kinamuaga mkuu wa Chumba cha Kuchanganyia baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Ofisi ya utumishi inamtambua kwa cheo kirefu cha mkemia mwandamizi, lakini humu ndani, kuanzia mkurugenzi hadi mpika chai, sote tunamwita Shangazi Ukungu. Jina alilipata kwa sababu kazi yake ni kutengeneza ukungu na kuuondoa kwa swichi. Wapo wanaodai ni kwa sababu ya uso wake wa asubuhi kabla hajapata chai, na sisi tunaofanya naye kazi hatujawahi kuwabishia.

Kwa ndugu na jamaa waliofika leo na hawajui tunachofanya, tueleze kidogo. Tunachukua polima, yaani plastiki ikiwa bado uji, tunaichanganya na fuwele kioevu, kimiminika ambacho chembe zake hujipanga upande mmoja zikipata umeme. Uji huo unabanwa katikati ya matabaka mawili ya plastiki angavu, kisha unapitishwa chini ya taa ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho. Polima inaganda, na fuwele inabaki imenaswa ndani yake, vitone vidogo mno kwa macho ya mtu. Bila umeme kila kitone kinaelekea kinakojua chenyewe, mwanga unatawanyika, na utando unakuwa mweupe pe. Ukiwasha umeme, vitone vinakubaliana, mwanga unapita, na weusi tuliopaka nyuma unaonekana. Gawanya utando huo vipande vipande, washa hiki, zima kile, na hapo una herufi na tarakimu zinazosomeka hata jua la saa saba likiwaka. Saa za ukutani, bei kwenye rafu za maduka na mbao za vituo vya mabasi, nyingi zimepita mikononi mwa Shangazi.

Alikuja hapa akiwa kijana, shahada mkononi na mdomo haujafungwa breki. Kwenye usaili waliuliza anafahamu nini kuhusu kazi zetu. Akajibu kwamba ameuona utando wa maonyesho pale mapokezi, na kwamba ni mbaya. Inasemekana walimwajiri ili waone kama yeye ataweza kutengeneza ulio bora. Aliweza, na hakuwaacha wasahau.

Alileta pia utaratibu wake, ambao baadaye tuliuita kipimo cha mlinzi. Dirisha la ukumbi wa vipimo linatazama getini. Kila utando mpya ulitundikwa pale, ukawashwa, na Shangazi akamtazama mlinzi kupitia humo. Kama hakuweza kujua mlinzi anatafuna au anapiga miayo, utando ulirudi. Hata mashine ya kupimia ukungu ilipoletwa kwa shangwe, Shangazi alisoma namba yake kwa heshima zote, halafu akaenda dirishani. Mlinzi naye alizoea kunyoa ndevu na kukaa wima. Hudai kwamba hajawahi kusinzia kazini, na sifa zote anampa Shangazi. Mashine imeshapelekwa matengenezo mara kadhaa, mlinzi hajapelekwa hata mara moja.

Hatuwezi kumaliza bila kusimulia ile siku ya wageni. Uji wetu ukipigwa na jua huganda, ndiyo maana Chumba cha Kuchanganyia kina taa za njano na madirisha yaliyobandikwa karatasi za njano. Ofisa utawala wa wakati ule, mtu mwenye nia njema na asiyependa uchafu, aliona karatasi zile zimechakaa. Alizibandua zote na kuagiza vioo vioshwe ving'ae. Wageni walipofika mlangoni na kuanza kuvaa makoti meupe, bakuli kubwa lilikuwa limeshaganda lote, na mwiko wa mashine umesimama wima katikati. Shangazi hakupandisha sauti. Aliwaingiza wageni, akagonga lile bonge kwa kidole, na akawapa somo zima la jinsi mwanga unavyogandisha polima, utadhani lilipangwa tangu wiki iliyopita. Wageni walipiga makofi, mmoja akaomba aliguse. Walipoondoka, ofisa utawala aliitwa kando, na yaliyosemwa huko tumeyaacha huko.

Lakini kazi iliyomtoa jasho kweli ilikuwa ya mbao za kituo kikuu cha mabasi. Tuliziuza tukiwa na furaha. Ukisimama mbele ya ubao, maandishi yalikuwa meusi tii. Ukisogea pembeni, yalififia, na ukizidi kusogea ulibaki na ukungu mtupu. Abiria walilalamika hadi uongozi wa kituo ukatupa msimu mmoja wa kurekebisha. Tukishindwa, mbao zote zingerudishwa na kituo kingebaki na vipaza sauti peke yake.

Katika kikao cha kujadili jambo hilo, mkuu wa mauzo alisema suluhisho ni rahisi tu, watu wasimame mbele ya ubao. Shangazi alisimama. Alituambia, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, habari za mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wao, ambaye alimlea mwenyewe wazazi wao walipofariki. Kijana huyo alipoteza usikivu kwa homa akiwa mtoto. Sasa ni mtu mzima, fundi wa kushona sare kwenye karakana upande wa pili wa mji, na kila asubuhi hubadilisha basi katika kituo kile. Mbele ya ubao hujaa watu, hivyo yeye huishia pembeni kwenye nguzo. Alishapanda basi lisilo lake, na si mara moja. Ikabidi awe anavuta mikono ya mashati ya watu asiowajua ili wamwonyeshe basi lake, wengine wakidhani anaomba. Msimamizi wake alikuwa ameshamwonya kwamba akichelewa tena, cherehani yake atapewa mwingine. Vipaza sauti, alisema Shangazi, vingemsaidia nini? Kisha akakaa, akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu. Mkuu wa mauzo aliomba radhi palepale, na tangu siku ile hakuna aliyeleta masihara na kazi ya zile mbao.

Kasoro yenyewe aliijua. Ukitazama kutoka mbele, fuwele na polima hupitisha mwanga kwa namna moja. Ukitazama kutoka pembeni, fuwele inabadilika na polima haibadiliki, basi mwanga unababaika na ukungu unarudi. Shangazi aliamua kutafuta polima ambayo chembe zake zina tabia ya fuwele, ili popote utakaposimama viwili hivyo visitofautiane. Maelezo yake yalipendeza. Utando ulikataa. Mmoja ulipasuka, wa pili ukageuka rangi ya chai, na ukungu wa pembeni ukabaki palepale. Msimu ulikuwa unakatika. Shangazi akaanza kula chakula chake cha mchana amesimama, na mlinzi akasahaulika getini.

Hapo ndipo anapoingia fundi mitambo wetu, tunayemwita Babu Waya. Asubuhi moja alikuwa akijaribu waya za umeme kwenye utando wa polima ile mpya ambao haujagandishwa, akaitwa kwenye simu, na aliporudi akausukuma chini ya taa bila kuchomoa waya. Kwa hiyo polima iliganda huku umeme ukipita. Kwetu kosa hilo ni kubwa, na Shangazi alilianzia mbali, akataja hadi walimu waliomfundisha Babu Waya. Alikuwa ameunyanyua utando juu, waya zikiwa bado na umeme, ili amwonyeshe alichoharibu, na kwa hasira akauinamisha upande. Akauinamisha tena, upande huu na ule. Ukungu wa pembeni haukuwepo. Umeme ulikuwa umezipanga chembe za polima pamoja na za fuwele, na taa ikazigandisha zile za polima zikiwa zimejipanga hivyohivyo. Alimkumbatia Babu Waya mbele ya watu. Kwenye hati ya ugunduzi akasisitiza majina yaandikwe mawili, na leo Babu Waya akisimulia unaweza kudhani alikusudia.

Mbao mpya zilifungwa kituoni kabla msimu haujaisha. Siku ya kwanza Shangazi aliondoka nyumbani mapema, akamchukua Babu Waya, wakajificha nyuma ya kibanda cha tiketi. Mdogo wake alifika, akasimama pembeni kwenye nguzo. Aliinua macho mara moja. Kisha akapita katikati ya watu, akapanda basi lake na kukaa dirishani. Shangazi alikuwa amekusudia kumpungia mkono, ila hakupunga. Alikuwa analia na kucheka, akimwambia Babu Waya tena na tena kwamba hajamvuta mtu shati. Basi lake mwenyewe lilimpita akiwa palepale, na hiyo ndiyo siku pekee tunayokumbuka Shangazi Ukungu alichelewa kazini.

Mdogo wake bado yuko karakana ileile, na siku hizi ndiye mkata vitambaa mkuu. Leo yumo ukumbini, safu ya mbele, na koti alilovaa amelishona mwenyewe.

Shangazi, umetufundisha kazi, umetugombeza kwa haki na mara chache bila haki, na hatujui nani atatugombeza sasa. Asante kwa kila utando ulioukataa. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na chai inayokuja bila kuharakishwa. Wala usihangaike na safari ya kurudi nyumbani. Mdogo wako ametuambia kwa ishara kwamba mtapanda basi pamoja, na kwamba wewe ukae tu kwenye benchi upumzike. Atakayesoma ubao ni yeye.