Sauti ya Pili ya Mwalimu Nirupama

Ijumaa hii, tarehe 13 Juni 2025, Mwalimu Nirupama Vaidya anastaafu baada ya kufundisha uimbaji kwa miaka thelathini na miwili katika shule yetu ya muziki ya jioni hapa Vällingby, Uswidi. Wengi mtakaoshika programu hii mnamjua kama yule mama wa Kihindi anayesema Kiswahili cha Kisumu kwa kasi zaidi kuliko ninyi. Mimi nafundisha piano katika chumba kinachopakana na darasa lake, na ukuta wetu ni mwembamba. Ndiyo maana nimeombwa niandike.

Alizaliwa Kisumu mwaka 1958, binti wa fundi saa. Alipotimiza miaka kumi na saba, baba yake alimpeleka Pune, India, kwa mwimbaji mkubwa aliyeitwa Sumatibai. Aliishi kwake kama mtoto wa nyumba hiyo: akipika, akifua, akiimba. Karibu mwaka mzima wa kwanza hakuruhusiwa kuimba wimbo wowote. Aliimba sauti moja tu, ile ya msingi iitwayo *sa*, ambapo muziki wa kale wa Kihindi huanzia na kurudi. Alipotoka kwa Sumatibai alikuwa na sauti nyembamba, ya juu, safi kama maji ya kisima, na kumbi za huko zilikuwa zinajaa kwa ajili yake.

Mwaka 1989 mume wake, Harshad, alipata kazi ya uhandisi Södertälje, nao wakahamia huku. Mwalimu akapata kazi jikoni katika shule ya chekechea. Aliimba katikati ya masufuria, hadi siku moja mzazi aliyekuja kumchukua mwanawe alisimama mlangoni akiwa na koti la mtoto mkononi na kusahau kilichomleta. Mzazi huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa shule yetu wakati huo.

Siku ya kwanza kazini kwetu aliulizwa anahitaji vifaa gani. Akajibu, "Zulia." Waswidi wa darasa lake la kwanza walikaa chini wakiugulia magoti. Muhula ulipokwisha, walikuwa hawataki tena kusikia habari za viti.

Baadaye akaanzisha kundi la Jumamosi kwa ajili yetu sisi tunaosema Kiswahili. Wakenya, Waganda, Warundi, Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake, na yeye akitusahihisha sote. Kimani, dereva wa basi mwenye sauti nene, hajasahau alivyoambiwa mbele ya watu: "Kimani, usinitangazie kituo. Imba." Leo Kimani ndiye nguzo ya besi yetu.

Mwaka 2011 alialikwa kuimba katika tamasha kubwa la Pune. Sumatibai, aliyekuwa amevuka miaka themanini, angeketi safu ya mbele. Miezi miwili kabla ya safari, Mwalimu aligunduliwa kuwa na uvimbe shingoni. Madaktari walimweleza wazi kwamba lazima utolewe, na kwamba mshipa wa sauti uko karibu mno. Alikubali. Uvimbe ulitolewa salama, lakini sauti ilibaki mnong'ono. Pune hakwenda.

Tulidhani hatutamwona tena darasani. Alirudi, shingo imefungwa skafu. Mkuu wa shule alimsihi apumzike nyumbani. Mwalimu akamnong'oneza, "Masikio hayajapasuliwa."

Akafundisha hivyo, kwa mkono na kwa macho. Akiinua kidole, tulipanda. Akitikisa kichwa, tulijua nani kateleza na wapi. Kila siku, kabla ya wanafunzi kufika, nilimsikia kupitia ukuta akiitafuta ile *sa*. Ilikuwa inakatika. Anaanza tena, inakatika. Nilifunga piano, kwa sababu sikuona lolote la kucheza lililostahili kusikika karibu na ile kazi.

Mwaka wa pili, jioni moja ya Machi, haikukatika. Ilikuwa chini sana, nzito, yenye mikwaruzo, nikadhani kuna mwanamume ndani. Niliingia bila kubisha. Alikuwa peke yake, macho yamejaa machozi.

"Noeline," akaniambia, "ile ya juu imekwenda. Hii siijui ni ya nani, lakini imekuja kwangu. Nitaifundisha."

Aliifundisha mwaka mmoja zaidi. Kisha, Jumapili moja alasiri, akaimba katika ukumbi wa kanisa huko Akalla. Wilkister wa kundi letu alishika simu ili Sumatibai asikilize kutoka Pune. Kwa muda wa saa nzima sauti ile ilitambaa chini, ikapanda polepole, ikafika ambapo sisi tulidhani haifiki, ikatulia hapo. Watoto wetu, ambao hutujibu kwa Kiswidi na kuchoka upesi na mambo ya wazazi, hawakutikisika. Alipomaliza, hakuna aliyejua kama inafaa kupiga makofi.

Mwalimu akaichukua simu. Sumatibai alisema maneno machache, na Mwalimu akalia hadi akashikwa mabega. Tuliogopa kwamba kaambiwa jambo baya. Akafuta uso akatutafsiria: "Amesema nilipokuwa nikishuka, noti ya tatu niliipita haraka." Tangu augue, sote tulikuwa tumemhurumia. Sumatibai alikuwa wa kwanza kumsahihisha.

Mwalimu Nirupama, asante kwa zulia, kwa ukali na kwa masikio. Tunakuombea pumzi ndefu, magoti yasiyouma, na jioni nyingi ambazo hakuna mwanafunzi anayesubiri mlangoni.

Wageni wapendwa, baada ya chakula Mwalimu ataimba. Sisi wengine wote tuliopangwa kutumbuiza tumeondoa majina yetu kwenye ratiba.

Noeline, mwalimu wa piano