Mwalimu Ardelia Crume na Watoto Wawili wa Corliss

Ijumaa hii, tarehe 7 Juni, Mwalimu Ardelia Crume anastaafu baada ya kufundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mmoja katika Shule ya Msingi ya Lathrop, hapa Brannock, Ohio. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimefundisha katika chumba kinachopakana na chake, ndiyo maana nimepewa kazi ya kumwandikia. Naifanya kwa moyo mzito.

Wengi mnamjua kwa sauti. Akisoma hadithi, wanafunzi wangu walikuwa wakinyamaza kumsikiliza kupitia ukutani, nami nikakaa chini nikasikiliza nao. Mtambo wa joto ulipoharibika Januari moja, alifundisha akiwa amevaa koti la marehemu mumewe, na kila mara akawasimamisha watoto wacheze ili wapate joto. Mwalimu mkuu alikuja kuuliza kelele ni za nini. Naye akachezeshwa.

Kisha ng'ambo ya barabara, katika jengo lililokuwa duka la samani, ikafunguliwa shule ya mkataba. Ni ya umma kama yetu na haitozi ada, lakini ina bodi yake na kanuni zake, na nafasi hupatikana kwa bahati nasibu. Wao walikuwa na sare za buluu, chumba cha sayansi na masomo hadi jioni. Sisi tulikuwa na ndoo chini ya dari inayovuja. Watoto wakaanza kuhama, na bajeti yetu ikapungua kila mwaka.

Ardelia alikasirika kuliko sote. Alipita nyumba kwa nyumba kuwasihi wazazi wabaki. Ndivyo alivyofika kwa Corliss Whitlow, mfanya usafi wa hospitali, ambaye binti yake Kiandra alikuwa ameshinda nafasi kule.

"Wenzangu wanaililia nafasi hii, Mwalimu," Corliss alimwambia. "Kwa nini niiache?"

"Kwa sababu sisi tunamjua mtoto wako. Niachie mimi. Hutajuta."

Corliss akaiacha.

Mwaka ule na Ardelia, Kiandra alifanya vizuri sana. Darasa la nne, mwalimu wake aliacha kazi mwezi wa Oktoba na hakupatikana mwingine. Walikuja walimu wa muda, huyu wiki hii, yule wiki ijayo, na watoto wakashinda wakipaka picha rangi. Ardelia alikwenda kugomba ofisini mpaka akazoeleka. Jumamosi alimfundisha Kiandra mezani jikoni kwake. Haikutosha. Mtoto aliingia darasa la tano hajui kugawanya, akaanza kusema, "Mimi hesabu siziwezi." Leo ni mtu mzima na bado anasema hivyo.

Jumapili moja, nje ya kanisa, Corliss alimsimamisha Ardelia. "Ulisema sitajuta," akasema, akaenda zake.

"Bora angenitukana," Ardelia aliniambia kesho yake.

Mdogo wake Kiandra, Javaris, alipofikia umri wa shule, Corliss hakuuliza mtu. Alimpeleka ng'ambo. Na kule, tuseme kweli, walimfundisha. Alijua kusoma kabla ya wenzake wa mtaa mzima. Ardelia mwenyewe alimsikia akisoma kanisani, akasema, "Mtoto huyu anasoma kama redio!"

Lakini Javaris hakujua kutulia. Kule wanafunzi hutembea kwa mstari, kimya, mikono nyuma. Corliss alipigiwa simu kazini aje amchukue, tena na tena, mpaka msimamizi wake akamwonya. Mwezi wa Februari, Javaris akiwa darasa la tatu, Corliss aliambiwa shule ile haimfai mwanawe.

Nilikuwa mlangoni mwangu walipokuja. Corliss ana theluji mabegani, Javaris bado amevaa sare ya buluu.

"Wamenirudishia, Mwalimu. Sina pengine."

Darasa la Ardelia lilikuwa limejaa hadi ukutani. "Ingia, baba," akamwambia mtoto. "Kaa pale dirishani. Umekula?"

Javaris akatikisa kichwa. Ardelia akampa chakula chake mwenyewe.

Corliss hakuondoka. "Mmoja nimeleta huku, mmoja nimepeleka kule," akasema. "Sasa mimi ningefanya nini?"

Ardelia alimshika mkono. Nyuma yao Javaris akauliza, "Mwalimu, chumba cha sayansi kiko wapi?"

Hatukuwa nacho. Ardelia alileta kutoka kwake mizani, sumaku na mbegu za maharage, akampangia mezani pale dirishani. Javaris alimaliza mwaka nasi. Mara nyingine nilimwona akiitazama shule ya ng'ambo.

Wiki iliyopita, tukila mchana, Mwalimu Pruitt, aliyeajiriwa juzi tu, alimuuliza Ardelia, "Kati ya wao na sisi, nani bora?" Sisi wa zamani tukajiandaa kusikia hotuba yake ile ile ya kuisifu Lathrop. Akaweka uma chini.

"Sijui, mwanangu. Ningejua, ningemwambia Corliss."

Mwalimu Crume, tunakushukuru kwa kila mtoto uliyempokea, hata darasa lilipojaa. Ulale asubuhi mpaka uchoke, upike pai zako za viazi vitamu bila kutazama saa, na uishi miaka mingi yenye amani. Corliss amealikwa kwenye sherehe ya Ijumaa. Hajajibu, lakini tumemwekea kiti kando yako.