Azima Anakwenda Kupimwa

Nje ya geti la uwanja wa gofu, ubavuni mwa kibanda cha fundi cherehani, kuna benchi lenye miguu mitatu mizima na wa nne tofali. Hapo ndipo Azima alipokaa alasiri ile, akizungusha kikombe cha kahawa bila kunywa. Miaka kumi na minne amewabebea watu mifuko ya fimbo, na kwenye mashindano ya wabebaji hucheza kwa fimbo za kuazima, ndiko jina lilikotoka. Kila mwaka hushindwa, na kila mwaka husema fimbo hazikuwa saizi yake. Safari hii wanachama wa uwanja wamemchangia, na saa kumi kamili fundi wa fimbo atampima ili atengenezewe zake mwenyewe. Mshindi wa mwaka huu ataajiriwa kuwa mwalimu wa uwanja. Azima aliitaka kazi hiyo kufa na kupona, lakini tangu asubuhi alikuwa akitafuta sababu ya kutokwenda, na hakumwambia mtu.

— Kwani wanapima nini hasa? aliuliza Randa, seremala aliyestaafu kila kitu isipokuwa ubishi.

— Urefu wako, alisema Azima. Halafu kutoka kifundo cha mkono mpaka chini. Halafu unapiga mipira, anaangalia kasi ya mkono, anajua mpini uwe mgumu au ulegee kidogo.

— Mwambie aache pindo, alisema Dada Mkasi, fundi cherehani, bila kuinua macho kwenye mashine. Nimeshona suti za maharusi mimi. Mwaka haupiti, kifungo hakifungi.

— Fimbo haina tumbo, dada, alisema Azima.

— Wewe unalo. Likitangulia, mikono inabaki nyuma.

Randa alikohoa, kama afanyavyo akitaka kusikilizwa.

— Kasoro ni saa. Jioni mtu ameshapungua. Mimi nilijipimia mlango jioni, asubuhi yake nikajigonga kichwa.

— Ulijigonga kwa sababu ulipima vibaya, alisema Mkasi.

— Urefu si hoja, alidakia muuza kahawa, ambaye wote humwita Shemeji kwa kuwa amemuoa mdogo wake Mkasi. Hasira ndiyo inafupisha mkono. Tukiwa na amani, mke wangu anafikia sukari juu ya kabati. Tukigombana, hata chumvi ya mezani haifikii. Apimwe mara mbili, akiwa na raha na akiwa amenuna.

— Basi na usingizini pia, alisema Randa. Usingizini mwili haudanganyi. Alazwe chali, fimbo iwekwe ubavuni.

— Hapo atakuwa anapimiwa jeneza, alisema Mkasi.

Wakacheka, na Azima akacheka nao, akifurahi kwamba dakika zinakwenda.

— Labda nimwombe tuahirishe, alisema. Nije asubuhi moja, nikiwa mrefu.

— Ndiyo maana yake, alisema Randa.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, anangoja gauni lake lipigwe pasi.

— Samahani, kaka, alisema. Hizo fimbo zikishakutosha barabara, siku ukikosa shimo utasema kosa la nani?

Mashine ya Mkasi ilisimama. Shemeji aliinua birika amwongezee mtu, yakatoka matone mawili tu. Azima alihisi uso unawaka. Miaka kumi na minne alikuwa na jibu mkononi, na sasa watu walikuwa wamemchangia ili wamnyang'anye jibu lenyewe. Aliogopa kweli, akajua anaogopa nini.

Akanywa kahawa yake iliyopoa kwa mkupuo mmoja, akamrudishia Shemeji kikombe. Zilibaki dakika nne.

Pale getini mlinzi alimfungulia huku akiuliza swali lake la kila siku.

— Leo unambebea nani?

— Leo sibebi, alisema Azima. Leo napimwa.