Kipande cha Mtu wa Kathonzweni

Benchi lile la Tawa, kando ya duka la mbegu, lilikuwa la kanisa kabla washirika hawajanunua viti vya plastiki. Mgongo wake umenyooka kiasi kwamba ukikalia sana unaanza kuungama. Kila siku ya soko, kuanzia saa nne asubuhi, utawapata wazee watatu hapo: Nzomo, aliyefanya kazi posta mpaka akastaafu, jina lake la utani Stempu, Kitheka fundi wa redio, jina lake Antena, maana hunasa habari ambazo hazijatangazwa, na Ndululu, mzee wa kanisa na mfuga nyuki, ambaye wao humwita Mzinga. Mutanu huwauzia kahawa kutoka kwenye thermos yake nyekundu. Siku hiyo Ndululu alikuja na skafu shingoni, na jua lenyewe halikuwa la mchezo. Hakuna aliyemuuliza. Alimaliza kikombe cha kwanza chote kabla hajafungua mdomo.

— Kuna mtu mmoja wa Kathonzweni, akaanza.

— Tunamjua? Stempu akauliza, macho kwenye skafu.

— Hamumjui. Alikatwa uvimbe kwa shingo, miaka kumi na moja imepita. Kumbe ile nyama haikutupwa. Iliwekwa dawa, ikafunikwa na nta, ikafungiwa kwa droo huko Nairobi. Sasa uvimbe umerudi. Daktari akasema wacha kwanza asome ile ya zamani, ajue dawa gani itamfaa.

— Nyama inasomwa?

— Inasomwa. Ndani ya mwili kuna maagizo. Huyu afanye kazi, huyu alale. Daktari anataka kuona ni jeni gani zilikuwa zinafanya kazi.

Antena aliweka kikombe chini.

— Jini? Kwa mzee wa kanisa?

— Jeni. Na nimesema ni mtu wa Kathonzweni.

— Pole, mzee. Endelea na mtu wako wa Kathonzweni.

Yaliyobaki Ndululu aliyasema haraka haraka. Jana simu ilipigwa. Yale maagizo yamekatikakatika kwa sababu ya kukaa sana, yanasomeka neno moja hapa na lingine pale. Huyo mtu aende Nairobi Alhamisi akatwe kipande kipya.

Kilichomuuma Ndululu zaidi ni ile nta. Maisha yake yote ameiamini nta. Asali aliyoiziba nayo mwaka wa ukame aliifungua miaka mingi baadaye, ikawa bado asali. Alitegemea kipande cha zamani kijibu kwa niaba yake, yeye abaki na nyuki wake. Kisu alikiogopa. Aliogopa zaidi kile ambacho kipande kipya kingesema.

— Hiyo nta ilikuwa ya duka, akasema. Wangetumia ya nyuki wa Kitui haingeharibika.

— Si nta, Stempu akasema. Posta tulipata barua nyuma ya kabati, imekaa huko miaka tisa. Bahasha safi, stempu safi. Kufungua, mchwa. Kulibaki "Mpendwa Muthoki", halafu "ng'ombe", halafu "usiniulize tena".

— Na Muthoki akafanya nini?

— Akalia. Hakujua kama ng'ombe wamekufa ama wameletwa kwao.

Mutanu alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kwenye sahani.

— Mchwa haiwezi kuingia kwa nta, Antena akasema. Shida ni lugha. Hiyo nyama ilitoka hapa ikijua Kikamba peke yake. Imekaa Nairobi miaka kumi na moja, sasa inaongea Sheng ya vijana. Hao madaktari ni watu wazima, wataielewa aje?

— Wewe nawe.

— Ngoja, kuna ingine mbaya. Mzinga, huyo mtu wako ameokoka?

— Ameokoka.

— Lini?

— Miaka sita sasa.

— Na nyama ilikatwa kumi na moja. Antena alifungua mikono kama mhubiri. Basi ameokoka mwili wote isipokuwa hicho kipande. Kiko kwa droo na dhambi zake zote za kitambo, kinakumbuka kaluvu.

— Ndio maana hakisomeki, Stempu akasema. Kimelewa.

Hata Ndululu alicheka, kwa maana kaluvu, ile pombe ya asali, aliitengeneza mwenyewe enzi zake na haikuwa mbaya. Kicheko kikamchoma shingoni. Alishika skafu, na alipoinua macho aliwaona wote wameangalia pembeni kwa pamoja. Hapo akajua kwamba wanajua, na kwamba wamejua tangu alipokaa. Aliwapenda sana dakika hiyo, akaona haya.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi Waithera, mnunuzi wa ndengu, akingoja magunia yake yapakiwe. Alikuwa amewapa mgongo muda wote. Sasa akageuka.

— Samahani, wazee. Huyo mtu wa Kathonzweni, Alhamisi anaenda na nani?

Stempu aliangalia ndani ya kikombe chake. Antena alikuna goti.

— Bibi yake anajua? Waithera akauliza.

— Bado, Ndululu akasema. Yaani, nafikiri bado.

Mutanu aliinamisha thermos. Yalitoka matone mawili.

— Kahawa imeisha, akasema kwa sauti ya chini.

Lori la Waithera likapiga honi, naye hakuinuka. Stempu akakohoa.

— Mzinga, gari ya kwanza ya Nairobi inatoka Kathonzweni saa ngapi?

— Ya Kathonzweni sijui. Ya hapa ni saa kumi na moja alfajiri.

— Basi mwambie aje apandie hapa. Mimi na Antena tuko na safari Alhamisi.

Antena hakuwa na habari kwamba ana safari.

— Eeh, tuko nayo, akasema. Tunaenda kuombea hicho kipande kiokoke.

Ndululu alifungua skafu polepole, akaikunja mara nne, akaiweka mapajani. Safari hii hakuna aliyeangalia pembeni.

— Nitamwambia, akasema. Lakini kwanza wacha niende nimwambie bibi yake.